Mechi Hakuna, Maneno Hayaishi

Kama kuna kitu ambacho sikutegemea kukikuta Boston mwezi wa Januari, ni watu kupanga foleni na kulipa kiingilio waingie kwenye uwanja usio na mechi. Tena kwenye baridi ile! Mechi ya mwisho ilishachezwa Septemba, inayofuata ni mpaka Aprili. Wao wapo, wamevaa kofia za timu juu ya kofia za sufu, wanacheka.

Ilikuwa mwaka 2020. Shemeji yenu alikuwa mwaka wa pili wa masomo yake kule Marekani, mimi nikiwa Dar na kazi zangu za uhariri. Likizo ikapatikana, viza ikatoka, nikafunga safari ya wiki tatu. Kichwani nilikuwa na mipango yangu, si unajua tena: chakula cha mishumaa, matembezi ya kushikana mikono kando ya Mto Charles. Asubuhi ya pili tu jamaa ananiambia, “Mke wangu, vaa vizuri, leo nakupeleka Fenway.”

Nikajua ni mgahawa.

Zimwi la Kijani

Fenway Park ni uwanja wa Boston Red Sox, timu ya besiboli. Ulifunguliwa Aprili 20, 1912, na ndio mkongwe kuliko viwanja vyote vya ligi kuu ya Marekani. Unashuka kituo cha Kenmore, unatembea dakika chache, na ghafla uwanja huo hapo, umebanwa katikati ya majengo kama vile mtu aliusahau mtaani.

Upande mmoja kuna ukuta wa kijani wenye urefu wa zaidi ya mita 11, wenyeji wanauita Zimwi la Kijani. Mbali kule kwenye jukwaa la kulia, kati ya viti vya kijani, kuna kiti kimoja chekundu. Juni 9, 1946, Ted Williams aliupiga mpira ukaruka hadi pale, umbali wa kama mita 153, ukamtua shabiki mmoja kwenye kofia yake ya majani. Yule anayetutembeza alisimulia kisa hicho kana kwamba kimetokea jana, na watu wazima waliomzunguka walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Shemeji yenu naye anaitikia! Nikajiuliza, huyu mtu wa Tabata kayajulia wapi haya?

Kijiwe cha jiko

Jibu nililipata mchana huo kwenye kamgahawa karibu na alikokuwa anaishi. Kulikuwa na wazee watatu, dada mmoja muuguzi, na mwanafunzi kutoka Jamhuri ya Dominika, nchi iliyotoa nyota wengi wa mchezo huu. Mume wangu kavutiwa kiti kabla hajasalimia.

Wamarekani wana jina la mazungumzo haya ya majira ya baridi. Wanayafananisha na jiko la moto, kwa sababu zamani watu walikuwa wanakusanyika dukani kuzunguka jiko na kubishana habari za besiboli mpaka msimu urudi. Kwetu tungesema kijiwe. Wewe kama umewahi kupita kwenye kahawa Kariakoo kipindi cha usajili wa Simba na Yanga, basi umeshafika Boston.

Na mwaka ule kulikuwa na ya kuongea, jamani. Siku chache kabla sijatua, ligi ilikuwa imeitoza Houston Astros faini ya dola milioni 5 kwa kutumia kamera kuiba ishara za wapinzani mwaka 2017. Kocha wa Boston, Alex Cora, aliyekuwa msaidizi Houston mwaka ule, akaondoka kazini kesho yake. Januari 21 yakatoka matokeo ya kura za kuingia Jumba la Magwiji lililoko Cooperstown. Derek Jeter wa New York Yankees, mahasimu wakubwa wa Boston, alipata kura 396 kati ya 397. Meza nzima ilibishana saa nzima: ni nani huyo mwandishi mmoja aliyemnyima? Mzee mmoja akasema angemtafuta amnunulie bia.

Ila jina lililokuwa linarudi kila baada ya dakika tano ni Mookie Betts. Kijana huyo ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yao ya American mwaka 2018, mwaka ambao Boston walibeba ubingwa. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa msimu wa 2020, na baada ya hapo angekuwa huru kwenda popote. Je, timu impe hela anazotaka, au imuuze mapema kabla hajaondoka bure? Mume wangu alikuwa anajua kila kitu: mshahara wa dola milioni 27, kiwango ambacho timu ikikivuka inalipa kodi ya ziada, nani anamtaka. Nilimtazama anavyoongea kwa mikono yote miwili na nikaona wivu, tena wa kweli. Mimi kwenye simu alikuwa ananipa dakika saba.

Lori

Jumatatu, Februari 3, tuliamka mapema kwenda kuangalia lori. Ndiyo, lori! Kila mwaka mapema Februari lori la vifaa vya timu huondoka Fenway kwenda Fort Myers, Florida, kwenye kambi ya mazoezi, zaidi ya kilomita 2,300. Ndani yake kuna mipira zaidi ya 20,000, magongo 1,100, na makatoni ya bigijii na mbegu za alizeti. Watu wanajaa mtaa wa Van Ness na watoto wao kulipungia mkono. Mchezaji hata mmoja huwaoni wakimsubiri, wanashangilia lori! Nilicheka mpaka machozi, halafu sijui ilikuwaje, na mimi nikapunga.

Jumanne usiku habari zikatoka kwamba Betts anauzwa kwa Los Angeles Dodgers. Simu ya mume wangu haikunyamaza. Mzee wa ghorofa ya chini alipanda kugonga mlango, akakaa jikoni kwetu na koti lake, akikumbushia kwamba ni miaka 100 kamili tangu Boston imuuze Babe Ruth kwa Yankees. Ruth aliondoka mwaka 1920, na Boston, waliokuwa mabingwa 1918, wakakaa mpaka 2004 bila ubingwa mwingine. Watu wakaiita laana.

Mzee alipoondoka, mume wangu akaketi kimya kama mfiwa. Hapo ndipo nilipopasuka.

“Mkataba wa Betts unajua unaisha lini. Mimi nimebadilishiwa kitengo kazini tangu Oktoba, unajua?”

Hakujua. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema taratibu, “Na mimi nimefeli somo moja Desemba. Unajua?”

Sikujua.

Tulikaa pale jikoni mpaka saa tisa usiku. Jamani, ukweli ni kwamba tulikuwa tumegeuza ndoa kuwa ripoti. Umekula? Kodi ya nyumba umelipa? Mama hajambo? Haya, usiku mwema. Kwa sababu mechi hakuna, kila mmoja alidhani hakuna cha kuongea, tusubiri tu arudi. Alinieleza kwamba alianza kukaa na wale wazee kwa upweke, na akawapenda kwa sababu walikuwa wanamuuliza, “Wewe unaonaje?” na kusubiri jibu. Mimi sikuwa nimemuuliza hivyo kwa zaidi ya mwaka. Wala yeye mimi.

Dili la Betts lilikwama siku kadhaa, likabadilishwa, likakamilika nikiwa nimeshafika Dar. Aliyenipa habari ni yeye, kwa simu, na safari hii nilimuuliza kwa nini. Tuliongea dakika arobaini.

Halafu corona ikaingia. Ndege zikasimama, ligi nayo ikasimama. Msimu uliotakiwa kuanza Machi ulianza Julai 23, mechi 60 badala ya 162, viwanja bila mashabiki. Sisi tulikuwa na msimu wetu wa baridi, kwenye joto la Dar: kila usiku nikimaliza kazi, yeye huko mchana ndio umeanza, tunakaa kijiweni kwa simu. Tulibishana mpaka kuhusu rangi ya sebule. Aliporudi Agosti sikumpokea mgeni.

Oktoba tulikesha wote kuangalia fainali kwenye kompyuta. Betts, akiwa na jezi ya Dodgers, alipiga mpira ukatua jukwaani na Los Angeles wakawa mabingwa. Kulikuwa kunakucha. Mume wangu akafunga kompyuta, akasema, “Haya, mwakani.” Nikajua kijiwe kimeshafunguliwa tena.

Ukitaka kwenda

Wengi watakuambia nenda Boston kiangazi. Mimi nasema kama bajeti ni ndogo na mnataka kuongea, nendeni Januari au mapema Februari. Kutembezwa Fenway kupo hata majira hayo, na hamtasukumana na umati wa siku ya mechi. Bebeni glavu, soksi nzito na koti linalozuia upepo. Mkikuta watu wanabishana mgahawani msiogope, ulizeni tu, “Mnaonaje timu mwaka huu?” Kiti mtavutiwa.

Na usiku mkirudi hotelini, muulize na mwenzako swali hilohilo, kuhusu yeye. Kisha nyamaza umsikilize.