Usiku wa Vyura Katika Milima ya Shimba

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni, akaifuata njia ya kusini hadi Kombani, kisha akapinda kuelekea Kwale, huhisi joto la pwani likipungua kadiri barabara inavyopanda. Huku ndiko kwenye Milima ya Shimba, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968. Wengi huja na kamera zao kwa ajili ya ndovu, au palahala, ambao nchini Kenya hawapatikani porini pengine popote. Lakini mkaazi adimu zaidi wa milima hii ni mdogo hata huweza kukaa juu ya kidole gumba.

Huyu ni chura wa matete, aliyeandikwa na mtaalamu Arne Schiøtz mwaka 1975 kwa jina Hyperolius rubrovermiculatus, yaani mwenye michirizi myekundu iliyojipinda kama minyoo. Duniani kote, makao yake yanayojulikana ni Shimba na viunga vyake tu. Kinamasi chake kikikaushwa, hana pengine pa kuhamia.

Wakati wa kumpiga picha ni msimu wa mvua, jua likishatua. Madume huita wakiwa juu ya majani, na mpiga picha hutangulia kutumia sikio kabla ya jicho. Ukikanyaga maji kwa kishindo, kinamasi chote hunyamaza. Hapo dawa ni kuzima kurunzi na kusubiri. Sauti moja hurudi, kisha ya pili, mpaka wote wakaitikia.

Kazi hii ina adabu zake, ndugu msomaji. Ngozi ya chura hunywa maji na husaidia kuvuta pumzi. Basi mkono uliopakwa dawa ya mbu ni sumu kwake. Asishikwe, wala asihamishwe kwenye jani lililo zuri zaidi. Viatu vioshwe na kukaushwa kabla ya kwenda bwawa jingine, kwani kuna kuvu wa ngozi aliyekwisha angamiza vyura wengi ulimwenguni. Ukiona povu jeupe likining'inia tawini juu ya maji, usilitikise: ni kiota cha chura wa aina nyingine, na viluwiluwi vyake vitadondoka majini siku zao zikitimia. Kumbuka pia kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa, alikataza kumwua.

Basi inama hadi lenzi ilingane na jicho lake, tumia mwanga hafifu, na uache tete, tone la maji na giza viingie katika picha. Chura aliyewekwa juu ya sahani nyeupe huonyesha rangi yake tu. Aliye kwenye tete huonyesha anachokihitaji ili aishi.

Na anachokihitaji yeye tunakihitaji sisi. Chemchemi za Marere, zilizo katika milima hiyohiyo, ni miongoni mwa zinazoleta maji Mombasa. Msitu unaomlindia chura unyevu ndio unaotulindia sisi mifereji.

Usiku hifadhini pana ndovu, hivyo haingiwi bila idhini na askari wa kuandamana nao. Familia yenye watoto yaweza kuanzia kwenye dimbwi lililo karibu na nyumbani, baada ya Magharibi, kwa kurunzi moja na subira. Wasikilize kwanza, ndipo wapige picha.