Viatu vya Majini: Ni Mguu wa Nani Unaolindwa?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Nami naongeza, msomaji mpenzi, kuwa mtaro usioukanyaga huijui miiba yake. Twanunua viatu vya harusi kwa makini, twavijaribu mara tatu mbele ya kioo. Lakini viatu vya kuingilia majini, ambavyo huenda vikatuepusha na maradhi, twavichukua vyovyote vilivyo karibu.

Fikra hizi zilinijia nilipozuru Rapsu, kijiji kilichoko Garbatulla katika Kaunti ya Isiolo, si mbali na Kinna na Mbuga ya Wanyama ya Meru. Waborana wa sehemu hizi ni watu wa mifugo tangu jadi. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na ukame uliofuata katika miaka ya sabini, viliziacha familia nyingi bila ng'ombe. Ndipo jembe na maji ya mfereji yakapata nafasi.

Nikipita kandokando ya mashamba, macho yangu yalivutwa na miguu ya watu. Baadhi ya wanaume walivaa gambuti. Wanawake na watoto, ambao ndio waliokuwa wakifungua na kuziba vijitaro, walikuwa na akala au miguu mitupu. Mama mmoja alikuwa ameziweka gambuti ukingoni. Alinieleza kuwa nyumbani mna jozi moja tu, nayo ilinunuliwa kwa kipimo cha mumewe. Akizivaa, tope hushika kiatu na mguu ukatoka peke yake. Basi huona heri aingie vivi hivi.

Je, hilo ni jambo dogo? La hasha! Maji ya mitaro yaendayo polepole, yenye majani kandokando, ni makao yanayowafaa konokono wanaoeneza kichocho. Wakulima wa mpunga kule Mwea wanaujua ugonjwa huu vyema. Vijidudu vyake, visivyoonekana kwa macho, hutoka kwa konokono na kuogelea hadi vipate ngozi ya mtu. Huipenya katika muda wa dakika chache, na mtu hahitaji kuwa na kidonda. Baadaye huja damu katika mkojo au choo, na mwishowe ini au kibofu huumia. Dawa ipo, prazikwanteli, lakini anayerudi majini miguu mitupu huweza kuambukizwa tena.

Sasa tuchague kiatu. Swali la kwanza si bei, bali ni hili: kiatu hiki kinazuia maji au kinayaruhusu? Wapiga mbizi wa Watamu na Diani huvaa vibuti vya mpira mwororo uitwao neoprini. Hivyo huruhusu maji kidogo yaingie, mwili ukayapasha joto, na mguu ukakingwa na baridi na matumbawe. Ni viatu vizuri, lakini kwa bahari. Akala na ndara za plastiki nazo huruhusu maji. Zitakuepusha na mwiba wa mgunga na kigae cha chupa, lakini kichocho hazikizuii hata kidogo.

Kwa mtaro, gambuti ndiyo kinga. Hiki si kiatu kigeni kwa mkulima: mnamo 1853 Mmarekani Hiram Hutchinson alifungua kiwanda kule Ufaransa na kuwatengenezea wakulima buti za mpira zichukue nafasi ya viatu vya mbao. Unapoinunua, nenda alasiri, kwa maana mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Vaa soksi utakazofanyia kazi. Vidole vipate nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na kisigino kisipande unapotembea. Tazama soli iwe na meno marefu ya kushika tope. Shingo ya buti iwe ndefu kuliko kina cha maji unayoyaingia, kwa sababu maji yakiingia kwa juu, umeufungia mguu pamoja na balaa uliyokuwa ukiikimbia.

Ukifika nyumbani, jaza buti maji safi uone kama zinavuja, kisha uzimwage na kuzikausha kivulini, kwani jua kali hupasua mpira. Kila jioni osha miguu na uikaushe katikati ya vidole, maana unyevu wa siku nzima huleta ukungu wa ngozi. Na asubuhi, kabla ya kuvaa, zigeuze juu chini uzikung'ute. Nge hupenda mahali penye giza.

Lakini hayo yote ni bure ikiwa jozi ni moja na mguu si wako. Baba, unapokwenda sokoni Maua au Isiolo mjini baada ya mavuno, jiulize ni nani hasa huingia majini kwako. Ikiwa ni mama, chukua kipimo cha mama. Kata kijiti chenye urefu wa wayo wake, ukitie mfukoni, ukijaribu ndani ya buti dukani. Na ikiwa pesa zinatosha jozi moja tu, basi iwe ya yule anayefungua maji. Wewe je, msomaji, jozi iliyo nyuma ya mlango wako ni ya kipimo cha nani?