Siku Baba Alipopiga Kelele kwa Kiswahili

Mtalii haji Clairwood. Huku kwetu ni magereji, maduka ya vipuri na malori yanayopishana South Coast Road usiku na mchana kwenda na kurudi bandarini. Hata ule uwanja wa mbio za farasi siku hizi ni maghala. Kwa hiyo sisi tukisema "uwanja" tunamaanisha ule wa mjini, Moses Mabhida, wenye tao jeupe juu yake. Tao lina urefu wa mita 350, na kileleni ni mita 106 kutoka chini. Upande wa kusini lina miguu miwili, halafu inaungana na kuwa mmoja kaskazini. Maana yake, nchi iliyogawanyika imekuwa moja.

Baba yangu ni fundi wa malori. Uwanja ulifunguliwa 2009, na miaka yote hiyo hakuwahi kuukanyaga. Mwaka 2010, Hispania ilipoitoa Ujerumani hapo kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, yeye aliangalia kwenye tivii ndogo ya gereji, umbali wa safari fupi tu ya gari. Si kwamba hapendi mpira. Baba ni Simba damu. Mechi kubwa ya mwisho aliyoifuatilia akiwa nyumbani ni fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba ilipofungwa 2-0 na Stella Abidjan palepale Dar es Salaam. Mwaka uliofuata akaondoka Tanga. Mimi nikazaliwa Durban 1995.

Shida ilikuwa umati. Baada ya vurugu za 2008 dhidi ya wageni, na hasa zile za Aprili 2015, wenzetu walipolala kwenye mahema Isipingo na Chatsworth, nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja: Kiswahili mwisho getini. Kwenye teksi, nyamaza. Dukani, Kizulu au Kiingereza. "Mwanangu, ulimi ndio pasipoti wanayoisoma kwanza," Baba alikuwa akisema. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaijua sheria hiyo, hata kama kwenu ilikuwa Toronto au Leicester na haikusemwa kwa sauti.

Sasa, tarehe 27 Aprili 2025, Simba ikaja Durban. Nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, mkondo wa pili, dhidi ya Stellenbosch. Kule Zanzibar wiki moja kabla tulishinda 1-0, bao la Jean Charles Ahoua. Stellenbosch wenyewe ni wa Rasi ya Magharibi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka huku, kwa hiyo hata wao walikuwa wageni. Na kocha wa Simba wakati huo, Fadlu Davids, ni mzaliwa wa Pietermaritzburg, jirani kabisa na sisi! Nikamwambia Baba, leo nani mwenyeji hapo? Akacheka. Nikakata tiketi mbili kabla hajabadili mawazo.

Alivaa jezi nyekundu, juu yake akavaa koti na kulifunga zipu mpaka shingoni. Tulipoingia alisimama kwenye ngazi akatazama juu kwa muda mrefu, kama anavyotazama injini mpya. "Hizi nyaya ndizo zinazobeba paa," akaniambia, kwa Kiingereza. Tukakaa.

Dakika za mwanzo alikuwa kimya. Sehemu fulani wenye jezi nyekundu walikuwa wakiimba, na maneno yalitufikia yote, waziwazi, Kiswahili kile cha jikoni kwetu, lakini kikubwa. Stellenbosch wakashambulia, na beki wetu mmoja akazubaa. Baba akaruka: "Sogea wewe! Sogea! Unamwachia nani huyo?"

Moyo wangu ulipiga. Mtu wa mbele yetu, mwenye jezi ya AmaZulu, akageuka na kuuliza kwa Kizulu, "Unasema nini, mzee?"

Baba akamjibu kwa Kizulu: "Namwambia beki asogee."

Yule bwana akautazama uwanja, akafikiri kidogo. "Kweli," akasema, "asogee."

Basi. Baba akafungua zipu.

Mechi iliisha 0-0, Simba wakaenda fainali. Kombe hatukulipata, Berkane ya Morocco walilichukua mwezi Mei. Wala sitasema kwamba siku moja mpirani inamaliza hofu ya watu. Jumatatu yake geti lilikuwa bado na kufuli mbili.

Lakini kuna kitu nimekuwa nikikifikiria. Ng'ambo kidogo ya Clairwood, pale King's Rest kwenye Bluff, waliishi watu walioletwa Durban kuanzia 1873, waliokolewa na Waingereza kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua, lakini mji uliwaita Wazanzibari. Serikali ya ubaguzi wa rangi ikawahamishia Chatsworth, na wajukuu wao wako hapo mpaka leo. Yaani lugha zetu za pwani ziko mjini hapa kwa zaidi ya miaka 150. Tao halijajengwa, hata uhuru wenyewe haujafika.

Wiki iliyopita, kwenye foleni ya benki, simu ya Baba iliita. Shangazi, kutoka Tanga. Zamani angeikata. Akapokea, akasema kwa sauti yake ya kawaida: "Shikamoo dada. Hapana, hunisumbui. Sema tu."