Saa ya Mwenzio Nayo Ni Mali

Saa yetu ya Kiswahili haianzi kuhesabu usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Hungoja kuche, na jua likishatoka na watu kushika njia ya shamba au ya soko, ndipo tunaposema saa moja imetimu. Kwetu tulio jirani na Ikweta, hesabu hiyo ina mantiki yake. Hapa Dar es Salaam, tofauti baina ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na ule mfupi kabisa haifiki hata saa moja. Kwa hiyo kila kukicha waziri na mchukuzi hupewa fungu lile lile, yapata saa 12 za mwanga. Sijui mali nyingine iliyogawanywa kwa usawa kiasi hicho.

Lakini, ndugu msomaji, mgawo ukiwa wa haki, matumizi je? Litazame benchi lolote la wangojao huduma. Mwenye cheo hupita moja kwa moja. Mwenye jamaa ndani huitwa kwa jina. Anayebaki benchini ni mama aliyeacha meza yake ya nyanya chini ya uangalizi wa mtoto, au kibarua ambaye siku asiyofanya kazi ndiyo siku asiyokula. Jua likishavuka utosi, huambiwa maneno mawili tuyajuayo sote: “Njoo kesho.”

Mama yangu hunisimulia habari za foleni za mwanzo wa miaka ya 1980. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba, na sukari, sabuni na unga vikawa adimu madukani. Watu walipanga mstari kabla ya alfajiri. Aliyelazimika kuondoka aliweka jiwe mahali pake, na wenzake wakaliheshimu jiwe lile kama mtu. Kila nisikiapo kisa hicho huwaza kwamba jiwe laweza kumshikia mtu nafasi, bali haliwezi kumshikia siku yake. Hata hivyo, wakati ule dhiki ilikuwa ya wengi, na sababu yake ilijulikana. Kungoja kunakoniuma ni kule kusiko na sababu.

Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi huko, na safari iliyokuwa ikimla mtu mchana kutwa sasa huchukua yapata saa 4. Ni jambo la kujivunia. Lakini reli hufupisha njia tu, haifupishi urasimu. Mwananchi aokoaye nusu siku garini, kisha akapoteza siku tatu mbele ya meza ya karani, amefaidi nini?

Hapo wengine hukimbilia methali. Husema subira huvuta heri, na mstahimilivu hula mbivu. Ni kweli tupu. Lakini wahenga waliwausia hayo wanaosubiri, hawakuwapa kibali wanaowasubirisha. Wahenga hao hao walinena pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Subira ni sifa ya mtu anapoitoa mwenyewe. Akitozwa na mwingine, ni kodi isiyo na stakabadhi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kuuita unyonyaji ule mtindo wa mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Nathubutu kuuliza: anayekula saa za mwenziwe tumwiteje? Jasho likikauka, mtu aweza kutoka jingine kesho. Saa ikishapita haina kesho.

Dawa yake haihitaji fedha za kigeni. Anayekalia meza na aseme kweli mapema: “Leo haiwezekani, mhusika hayupo, njoo Alhamisi saa nne, utahudumiwa.” Na Alhamisi hiyo, saa nne, awepo. Mama yule wa nyanya atarudi kwenye meza yake asubuhi ile ile, soko lingali na wanunuzi, naye atajua kwamba kuna mtu aliyeihesabu siku yake kuwa kitu.