Safari ya Mwanjelwa Kudai Gari la Kikundi

Ndugu msomaji, kama hujafika Mbeya, fuatana nami. Tutapita njia niliyopita mwezi wa Juni 2022 pamoja na watu wawili wa kikundi cha wakulima wilayani Rungwe. Tulikuwa tunakwenda kudai gari. Kikundi kina gari moja tu, pikapu ya kubebea viazi na ndizi. Lilikuwa gereji tangu Februari. Fundi alisema wiki 2. Zikapita wiki 16.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Lakini mkulima ambaye mazao yake yamekwama nyumbani hana masikio ya kusikiliza habari za mbolea. Kwa hiyo Mzee Mwenyekiti wa kikundi aliponiomba niwasindikize, nilikubali.

Kabla hatujaondoka, Mama Mweka Hazina alifungua daftari lake. Tulipiga hesabu pamoja. Kikundi kilikuwa kinakodi gari la mtu mara 2 kwa wiki. Kila safari ni shilingi 80,000. Gari lao wenyewe lingekula mafuta ya kama shilingi 45,000 kwa safari ile ile. Tofauti ni shilingi 35,000. Fundi alikuwa amechelewa wiki 14, maana yake safari 28. Zidisha 35,000 kwa 28. Unapata shilingi 980,000. Fedha hizo zilikuwa zimekwenda bure, na gari bado halijaonekana.

Tulipanda basi dogo Tukuyu saa 12 asubuhi. Ukitoka Tukuyu utapita kwenye migomba na mashamba ya chai, kisha utafika Kiwira. Hapo barabara inaanza kupanda. Upande wa kulia utauona Mlima Rungwe, ambao urefu wake unazidi mita 2,900. Asubuhi hiyo kichwa chake kilikuwa ndani ya wingu. Kadiri unavyopanda ndivyo migomba inavyopungua, na viazi vinachukua nafasi. Ukifika Isyonje, mahali inapotoka njia ya kwenda Kitulo na Makete, vaa sweta. Baridi ya pale haina mchezo. Kando ya barabara magunia ya viazi yamesimama yakisubiri wanunuzi, mengine yamefungwa lumbesa, na kichwa kimerefuka kama kofia ya askari wa zamani. Serikali imekataza lumbesa, na mimi nimeisema mpaka nimechoka. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Ni katika mlima huo gari la kikundi liliharibika. Lilikuwa limejaa kupita kiasi. Rejeta ikachemka. Dereva aliona moshi mweupe akaendelea, kwa kuwa soko lilikuwa linamngoja. Injini ikipata joto namna hiyo, ile silinda hedi, yaani kifuniko kizito cha juu ya injini, hupinda kidogo. Gasketi iliyo chini yake huungua. Maji na oili huanza kuchanganyika. Hapo gari haliendi tena. Linavutwa.

Kutoka Isyonje barabara inateremka mpaka Igawilo, halafu Uyole. Wengi wenu mnapajua Uyole kwa ajili ya Nane Nane, maana uwanja wa John Mwakangale upo hapo. Mimi napajua kwa sababu nilisomea cheti changu cha kilimo hapo. Wapo pia watafiti wa mbegu, na maharage ya Uyole Njano mnayoyapanda yametoka mikononi mwao. Ukifika njia panda, kulia ni Makambako, Iringa na Dar es Salaam. Kushoto ni Mbeya mjini, na mbele yake Tunduma na nchi ya Zambia. Sisi tulikwenda kushoto, tukapita Sae, Ilomba na Soweto, tukashuka Mwanjelwa.

Mwanjelwa ni soko kubwa. Soko la zamani liliungua moto mwaka 2006, likajengwa jipya la ghorofa. Lakini biashara haikai ndani ya soko tu. Imejaa mitaa yote. Utakuta viazi, mchele wa Kyela, mitumba, na nyuma ya hayo yote utasikia nyundo zikigonga chuma. Hao ni mafundi.

Utajiuliza, kwa nini mafundi ni wengi hivi Mbeya? Sababu ni barabara. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita hapa mchana na usiku. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, nayo ina stesheni Mbeya. Kila lori lina siku linaharibika. Dereva wa lori ana mzigo wa watu na tajiri anampigia simu kila saa. Analipa fedha taslimu, siku ile ile. Sasa wewe wa kijijini umeleta pikapu yako, umeacha malipo ya kwanza, umerudi nyumbani kulima. Fundi atashika spana ya nani kwanza?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu wengi husema, fundi huyu ni mwizi. Wapo wezi, sikatai. Lakini wengi wanaokwamisha magari si wezi wa kawaida. Fedha yako ya malipo ya kwanza haikununua spea ya gari lako. Ilinunua spea ya gari lililotangulia, ambalo fedha yake ilikwisha kuliwa. Gari lako litamalizwa kwa fedha ya yule atakayekuja baada yako. Siku wateja wakipungua, magari yote yanabaki juu ya mawe. Fundi anazima simu. Ndiyo maana anakuambia kesho, na kesho, kwa uso mkavu. Yeye mwenyewe anangoja mteja mpya kama wewe unavyongoja mvua.

Tulilikuta gari nyuma kabisa ya gereji, limeegemea ukuta. Boneti wazi. Kuku amelala kwenye kiti cha dereva. Betri haipo. Altaneta haipo. Silinda hedi ilikuwa ndani ya kreti la soda, imefunikwa gunia. Mzee Mwenyekiti aliliangalia, akavua kofia kana kwamba amefika msibani.

Fundi hakuwapo. Vijana wa spana walisema amekwenda kutafuta spea. Tulikaa kwenye matairi tukangoja. Saa 5 alifika, kijana wa miaka 30 na kitu, mwenye adabu sana.

"Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama. Mbona hamkunipigia simu?"

"Marahaba, mwanangu," Mama Mweka Hazina alijibu. "Simu tumepiga mpaka vocha imekwisha."

"Poleni. Gari lenu limebaki jambo dogo. Nipeni laki tatu ya gasketi na oili, Ijumaa mnakuja kuchukua."

Ndugu msomaji, neno hilo lisikie vizuri. Kikundi kilikuwa kimekwisha kumpa shilingi 800,000 kati ya 1,300,000 walizopatana, na humo gasketi ilikuwamo. Kama tungetoa laki tatu nyingine, zingelifuata gari la mtu mwingine. Mama aliuliza kwa upole fedha ya kwanza ilikwenda wapi. Kijana akatazama chini. Akasema alinunulia pampu ya lori lililokuwa linakwenda Tunduma, na mwenye lori hajamaliza deni. Betri na altaneta aliziazima kwa teksi ya jirani.

Mzee alianza kupandisha sauti. Tulimvuta pembeni. Tulikubaliana jambo moja: leo hatudai fedha kwanza, tunadai gari na vitu vyake. Fedha unaweza kuidai hata ukiwa nyumbani. Gari likibaki pale, kila wiki litapungua kifaa kimoja.

Wapo waliotushauri tuje usiku tulivute kimya kimya. Tulikataa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaangalia pande zote mbili. Fundi aliyeifanya kazi mliyopatana ana haki ya kulizuia gari mpaka alipwe jasho lake. Kwa hiyo ukilichukua kwa kificho, wewe ndiwe utakayeitwa mkosaji. Lakini sheria hiyo hiyo haimpi haki ya kuling'ang'ania kwa kazi ambayo hakuifanya. Anatakiwa kulirudisha muda wa mapatano ukipita, na akichelewesha kwa kosa lake anabeba dhamana ya hasara inayotokea. Tena haruhusiwi kulitumia, wala kutumia vifaa vyake, kwa shughuli zake. Polisi ni mahali pa kwenda kama gari au vifaa vimeuzwa, maana hiyo ni jinai. Kama ni ucheleweshaji na deni, mara nyingi watakuambia hayo ni madai.

Tulikwenda ofisi ya Serikali ya Mtaa. Ni chumba kimoja, benchi na bendera. Mtendaji alitusikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kadi ya gari iko wapi?" Mama alifungua kitenge akaitoa. Namba ya injini na namba ya chesisi zimo kwenye kadi. Mtendaji alikwenda nasi gereji akazisoma juu ya gari lenyewe, moja moja. Zililingana. Fundi alikuwa ameiomba kadi hiyo mwezi wa Machi, eti ya kununulia spea, na Mama alimnyima. Kumbuka, spea hainunuliwi kwa kadi. Gari ndilo linalouzwa kwa kadi.

Halafu tulihesabu kazi iliyofanyika. Silinda hedi ilikuwa imepelekwa karakana ya jirani kunyoshwa. Mwenye karakana alisema ni kweli, alilipwa shilingi 120,000. Kufungua injini tulikubaliana shilingi 200,000. Jumla 320,000. Mzee aliona nyingi, lakini jasho ni jasho, na tukiwa tumelilipa, fundi hana tena sababu ya kulizuia gari. Ukitoa 320,000 kwenye 800,000, fundi anadaiwa 480,000. Hakuwa nazo. Hata ungemtikisa miguu juu, zisingedondoka. Mtendaji aliandika kwamba atalipa mara 4, kila mara shilingi 120,000, kila mwisho wa mwezi. Aliandika pia kila kifaa kinachorudishwa. Fundi akatia sahihi. Mzee Mwenyekiti naye alitia sahihi kwa mkono wake, herufi kwa herufi. Zamani angeweka dole gumba. Mtendaji akagonga mhuri na kila upande ukapewa nakala.

Kazi ngumu ilikuwa kurudisha vifaa. Betri ilipatikana saa 8. Altaneta ilikuwa barabarani ndani ya teksi, ikatungojesha mpaka saa 11 jioni. Mama hakutoka pale. Aliketi juu ya kreti lenye silinda hedi akila karanga, na kila kijana aliyepita na spana alimtazama mikono. Boliti za hedi zilikosekana 2. Zilipatikana kwenye kopo la rangi.

Kulivuta gari usiku kupanda mlima wa Isyonje ni kutafuta kifo. Tulikodi mtu akalivuta mpaka Uyole tu, kwa fundi mwingine ambaye nilikuwa nimeona kazi zake kwa miaka mingi. Huyu hatukumpa fedha ya spea. Asubuhi Mzee alikwenda naye dukani, akanunua gasketi, oili na boliti, akachukua risiti yenye jina la kikundi. Spea mbovu zilizotolewa tuliziweka kwenye mfuko wetu. Ufundi ulikuwa shilingi 180,000, nusu siku ya kuanza na nusu gari likiwaka. Mama alilala kwa shangazi yake Igawilo, na kila asubuhi alikuja na kigoda chake akaketi karibu na injini.

Siku ya 3 gari liliwaka. Lilirudi kupitia Isyonje polepole, bila mzigo, na dereva alisimama mara 2 kupima maji.

Fundi wa Mwanjelwa alilipa mwisho wa Julai na mwisho wa Agosti. Septemba hakulipa. Mwezi wa Oktoba Mzee na Mama walirudi kwa Mtendaji na ile karatasi, wakapewa barua ya kumwita. Alilipa shilingi 70,000 akaomba muda. Shilingi 170,000 zilibaki, na Mama aliziandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la 2023, kwa wino mwekundu.