Dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza

Nilikuwa afisa habari wa hospitali ya kanisa, kanda ya ziwa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaandikia wafadhili. Nilijiona mtenda mema. Hela ikiingia, mwanamke anapasuliwa, anapona. Nani angeniuliza imepatikanaje?

Wengi walikuwa na fistula ya uzazi. Uchungu umekaa siku mbili tatu, hospitali iko mbali, mara nyingi mtoto amefia tumboni, na mama anabaki akivuja mkojo usiku na mchana. Wafadhili walipenda picha mbili, ya kabla na ya baada. Ile ya kabla ndiyo iliyochangisha, kwa hiyo nilimsubiri mgonjwa getini, kabla hajaoga. Fomu ya ridhaa ilikuwa ya Kiingereza. Niliwaonyesha pa kutia dole, wakatia. Nani atabishana na watu wanaomtibu bure?

Mama mmoja tulimweka kwenye kalenda, jina na ugonjwa wake chini ya picha. Alipona, akarudi kwao, akawa anauza nyanya. Majirani walijua tu kwamba aliumwa tumbo. Kisha kalenda ikafika kijijini, ikatundikwa dukani.

Alikuja ofisini nayo, ameikunja ndani ya kanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nilingoja matusi.

"Mwanangu," akasema, "nisomee ile karatasi niliyotia dole."

Niliitoa kwenye faili nikamfasiria, mstari kwa mstari. Picha itumike popote, muda wowote, bila kuulizwa tena. Fomu hiyo niliitunga mwenyewe, ila sikuwahi kuisoma mbele ya mtu inayemhusu. Jasho lilinitoka.

"Haya. Sasa andika ninachokubali."

Jina, hapana. Uso, hapana. Mikono yake na nyanya zake, sawa. Na niandike kwamba ugonjwa huu unatibika, ili wenzake waliojificha waje. Nilikuwa nimemwanika, naye bado anawafikiria wagonjwa wetu.

Sikubadilika siku hiyohiyo. Mkuu wangu alilalamika kwamba mikono haichangishi, nami niliyumba zaidi ya mara moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na habari za afya zimo kama taarifa nyeti. Inanisaidia vikaoni, pale hoja ya utu inaposikilizwa kwa adabu kisha ikapuuzwa. Lakini sheria siyo iliyonifumbua macho. Wala siyo waraka wa Vatikani wa mwaka 2000 kuhusu maadili katika mawasiliano, unaomfanya binadamu kuwa lengo na kipimo cha vyombo vya habari. Huo nilikuwa nao kabatini miaka yote, nimeupigia mistari kwa kalamu nyekundu.

Kama nawe unafanya kazi hii, pengine fomu zako ziko kwenye faili kama zangu. Yetu sasa ni ya Kiswahili, inasomwa kwa sauti, na mtu anaweza kurudi akasema hataki tena. Wapo waliorudi. Tumeziondoa picha zao, hata ile niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.