Betri Haikuwa na Kosa

Sisi ni wanawake wanne wa nyumba moja, watu wa pwani kwa asili, ambao riziki imetupandisha hadi Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, kando ya ziwa la maji matamu lililo zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Waume zetu huwabeba wageni kwa boti kutazama ndege na viboko, na huwafikisha hadi Crescent Island. Huku hakuna papa wala kusi, lakini kuna kiboko, naye hamngoji nahodha anayehangaika na mashine iliyogoma. Boti ikikwama kwenye mafunjo magharibi inapoingia, nyumbani hakuna anayekula kwa utulivu.

Mwaka uliopita stata iligoma mara kwa mara. Kila fundi aliyeitwa alitoa hukumu ile ile: betri imekufa. Tukanunua ya kwanza, tukanunua ya pili, na fedha zilitoka katika akiba ya karo. Betri ya pili ilipozimika, wifi yetu mkubwa, mwenye kushika daftari la hesabu, akauliza swali moja: "Kuna aliyepima?" Hakuwapo. Basi tukanunua maltimita, kipimo kidogo cha umeme cha kushika mkononi, tukajifunza kukitumia.

Kanuni yake si ngumu. Mashine inapozunguka, sumaku zilizo ndani ya gurudumu lake hupita kwenye koili na kuzalisha umeme wa kwenda na kurudi. Reguleta huugeuza uwe wa mwelekeo mmoja, huuzuia usizidi kiasi, kisha huupeleka kwenye betri. Njia hiyo ikikatika popote, lawama huangukia betri.

Tulianza asubuhi, mashine ikiwa imelala usiku kucha. Kipimo tulikiweka kwenye volti za betri, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6, na ikisoma 12.0 imekaribia kuisha. Yetu ilisoma 12.1. Tuliichaji nyumbani, tukaiacha siku nzima bila kuigusa, nayo ikabaki 12.6. Maiti haishiki chaji. Betri ilikuwa hai.

Siku ya pili boti ilikuwa majini, kwa maana mashine haiwashwi pakavu. Ikawashwa, ikaongezwa mwendo kidogo. Hapo betri ilipaswa kusoma baina ya 13.5 na 14.5. Ikizidi 15, reguleta imeharibika na itaichemsha betri. Yetu ilisoma 12.4, ikazidi kushuka. Tukasogeza waya mwekundu hadi kwenye waya unaotoka kwenye reguleta: 14.3. Umeme ulikuwa ukizalishwa, lakini haukuwa ukifika.

Tukaufuata waya ule kwa vidole. Katikati yake palikuwa na kiungo kilichozungushiwa utepe, na ndani ya utepe shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Fundi alikata sehemu iliyooza, akaunganisha upya na kuziba maji yasiingie. Betri ikasoma 14.2 mashine ikiwa inazunguka. Gharama yake haikufikia hata sehemu ndogo ya bei ya betri moja.

Kwa dada atakayejaribu, tunausia mambo matatu. Usifungue waya wa betri mashine ikiwa inazunguka, kwani reguleta huweza kuungua. Betri ichajiwe penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Na kabla ya kuinamia mashine, funga vizuri mtandio na mikono ya buibui; gurudumu lile halina huruma.

Hatukukusudia kuwavua mafundi kazi yao. Tulikusudia kwamba anayetutaka tutoe fedha ya watoto atuonyeshe kwanza alichokiona. Siku hizi kipimo chetu hukaa kwenye sanduku pamoja na jaketi za kujiokolea, na kila Ijumaa asubuhi wifi huandika volti katika daftari, kando ya mafuta na mapato. Namba ikianza kushuka, boti haitoki mpaka sababu ijulikane, hata kama wageni wamekwisha kufika gatini.